Jinsi Mzee Situma Alivyovuka Cherang'any

Tangu nirudi, siwezi kufika sokoni Kachibora bila mtu kunishika mkono. Kuna aliyesikia kwamba nilibeba maiti kutoka Kapyego. Kuna aliyesikia kwamba maiti hiyo iliamka njiani ikaomba chai. Mama mmoja wa kwaya yetu, sitamtaja, amenishauri nimlete mchungaji aliombee gari. Basi nimeona niandike yote mara moja, ninyi marafiki zangu msome na mpokezane, niachwe niuze viazi vyangu kwa amani.

Kilichonipeleka huko ni msiba. Mzee Barasa wa Tongaren alizikwa Jumatano. Mkewe, Mama Nafula, mnamjua, ndiye tunayenunua mahindi kwake. Mume wangu alipofariki, mama huyo alikuja kwangu na kanga mbili na sufuria yake mwenyewe, akanipikia mpaka nikaweza kupika tena. Kwa hiyo aliponiita kando baada ya mazishi, nilijua nitakubali kabla sijasikia ni nini.

Kwa Wabukusu, mzee wa heshima akishazikwa, asubuhi ya siku ya tatu huja mtu maalumu kusema. Si mahubiri, wala si hotuba ya chifu. Mtu huyo amezaliwa katika ukoo wa kazi hiyo. Huvaa ngozi, hushika fimbo, huenda na kurudi mbele ya watu akisema ya tangu zamani mpaka ya leo, na akimaliza, matanga yamekwisha. Kusema huko wao hukuita kumuse. Barasa alikuwa amemwambia mkewe kwamba siku yake ikifika, aseme Mzee Situma, si mwingine. Na Mzee Situma alikuwa Kapyego, ng'ambo ya milima ya Cherang'any, kwa binti yake aliyeolewa na mwalimu wa huko, na mvua ilikuwa imekata barabara.

Mtoto mkubwa wa Barasa ni mzee wa kanisa. Yeye alisema maombi yanatosha. Mama Nafula hakubishana naye. Alikaa tu kwenye mkeka wake nje ya nyumba, akasema hataingia ndani mpaka mume wake asemewe. Kisha akaniangalia mimi na Landrova yangu.

Kachibora hadi Kapcherop

Tuliondoka Alhamisi asubuhi, mimi na Wafula, kitinda mimba wa marehemu. Wafula ni karani wa shule, mtu mpole, na alikuja amevaa viatu vya kanisani na suruali iliyopigwa pasi. Nilimtazama miguu, nikamfungulia mlango.

"Mama Shiru, dereva ako wapi?" aliniuliza.

"Umekaa karibu na yeye."

"Ati wewe ndio utaendesha mpaka huko juu?"

"Kwani hivyo viazi mnakula Tongaren huwa vinaruka?"

Alicheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu Jumatano, halafu akashika chuma cha mlango na hakukiachilia tena. Landrova hiyo mume wangu aliniachia ikiwa na mlango mmoja uliofungwa kwa mpira wa tyubu, na bado umefungwa hivyo. Haina haraka, haina haya, na hunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka machungani. Lakini sijawahi kuiomba kitu mlimani ikaninyima.

Karibu na Kapcherop tulikuta lori la viazi limelala kwa ubavu, limeziba njia yote. Hakuna aliyeumia. Watu walikuwa wakitoa magunia moja moja bila wasiwasi, wakizungumza na kucheka. Tulingoja nusu ya siku. Mama mmoja wa pale alitupa viazi vya kuchemsha na kabichi, na kibuyu cha maziwa lala. Wafula alipomiminiwa kikombe aliona michirizi myeusi ndani ya maziwa, akakirudisha taratibu mezani.

"Mama, hii imeingia uchafu," akasema kwa adabu yake yote.

Yule mama akakitazama kikombe, akamtazama Wafula, akaongeza maziwa mengine mpaka pomoni. "Hiyo ni mkaa ya mti," akasema. "Ndio inafanya yakae bila kuharibika. Wewe uko na matanga, kunywa upate nguvu."

Hakuwa ameambiwa tuna matanga. Aliona tu uso wake. Wafula alikunywa hicho, akanywa kingine, na tulipoondoka alikuwa anamuuliza ni mti gani.

Tuliuliza pia habari za njia. Kijana wa lori akatuambia, "Barabara ya chini imeenda."

"Imeenda wapi?" Wafula akauliza.

"Imeanguka yote, na shamba ya mtu. Mko na ile ya juu pekee, ya msitu."

Kapcherop hadi Kapyego

Ile ya juu nilikuwa nimeipita mara mbili tu, na zote wakati wa kiangazi. Inaanzia msituni. Pale miti inapoanza nilishuka, nikapindua zile kufuli ndogo za magurudumu ya mbele, nikaweka fowili ili magurudumu yote manne yavute. Marehemu mume wangu alinifundisha kwamba matope hayashindwi kwa kelele ya injini. Unashuka, unayatembelea kwa miguu, unayachoma kwa fimbo ujue kina, unachagua njia yako, ukirudi garini unaingia polepole na huachi mpaka utoke. Ndivyo nilivyofanya, bonde baada ya bonde, na Wafula akinifuata nyuma na viatu vyake. Kufikia bonde la tatu havikuwa na rangi tena.

Kisha msitu ukaisha ghafla na tukawa juu.

Sijui niwaelezeje mahali hapa. Ninyi mnaona Cherang'any kutoka sokoni, mnaona ukuta wa buluu tu. Ukiwa juu yake hakuna ukuta. Kuna majani mafupi yanayong'aa, kondoo wenye manyoya mpaka machoni, nyumba za mbao zikitoa moshi kwenye paa lote, na hewa baridi ambayo ukiivuta unahisi kifua kimeoshwa. Upande mmoja unaona Trans-Nzoia yote imelazwa chini, mashamba ya mahindi mpaka yanapokutana na Elgon. Nilizima gari. Nilimwambia Wafula nataka ipoe rejeta, lakini rejeta haikuwa na shida. Nilikuwa nimefurahi mpaka nikaona haya, kwa sababu safari yenyewe ilikuwa ya msiba.

Wafula alisimama karibu yangu, akatafuta kwa macho upande wa Tongaren. "Baba hakuwahi kufika hapa," akasema. "Na kila siku alikuwa anaangalia hii mlima aone kama itanyesha."

Kwa mwalimu

Nilikuwa nimetarajia mtu mkubwa mwenye sauti nzito. Mzee Situma tulimkuta jikoni akimenya viazi, mfupi, mkavu, amevaa sweta mbili na kofia ya sufu ya mjukuu wake yenye kishada juu. Jambo la kwanza alilotuambia ni kwamba baridi ya huku si ya binadamu.

Wafula akapiga goti, akampa habari. Mzee aliweka kisu chini, akatoka nje, akakaa huko peke yake kitambo. Aliporudi aliuliza mambo mawili: Barasa alikuwa anaumwa nini, na kuku ameshaiva au bado. Alikula vizuri. Alituambia habari za mieleka ya ujana wake, bei ya sukari, na jinsi wakwe zake hawa wanavyonywa maziwa mpaka wanasahau chai. Nilicheka sana. Nikajisahau nikamwomba atuonjeshe maneno mawili matatu ya kumuse, mimi Mkikuyu niliyekuwa sijawahi kuyasikia.

Wafula akanikanyaga kidole.

"Mama, hayo maneno si ya kuonja," mzee akasema, bila hasira. "Hapa hakuna mtu amekufa."

Akarudi kwenye paja la kuku.

Matawi

Ijumaa tulitoka mapema. Mzee alikuja na mzigo wake wa ngozi na fimbo, hakuruhusu mtu aushike. Alikataa kukaa mbele kwa sababu mlango wa mpira unapitisha upepo. Akajilaza nyuma juu ya magunia matupu, akajifunika blanketi kuanzia kichwa mpaka miguu, akalala.

Hatukwenda mbali kabla ya kukwama. Mvua ya usiku ilikuwa imeongeza kazi. Tulifanya kama wafanyavyo watu wote wa viazi: tukakata matawi, tukayatandika chini ya magurudumu, tukatoka. Matawi mazuri hayatupwi, maana matope mengine yako mbele. Nikayafunga kwa kamba mbele ya gari, juu ya bampa na boneti, majani yakining'inia huku na huku, tukaendelea.

Sasa nanyi mmeshaona. Mimi sikuona.

Mtu wa kwanza tuliyempita alivua kofia. Wa pili akavua kofia, akasimama kando kabisa majanini. Mahali pembamba tulikutana na lori limebeba mbao, na dereva wake, ambaye kwa haki alikuwa na njia, akarudi nyuma kilima kizima ili nipite. Nilimpungia mkono wa shukrani. Yeye akainamisha kichwa.

"Hawa watu wako na heshima," nikamwambia Wafula.

"Sana," akasema Wafula. Alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi na macho mekundu kwa kukosa usingizi.

Tulifika kituo kidogo, maduka machache, kinu cha kusaga, na kanisa la mbao. Akina mama walikuwa nje ya kanisa. Walipotuona wakaanza kuimba wimbo, polepole, wa kuaga. Ilibidi nisimame, kwa sababu walikuwa wamekuja mpaka barabarani. Mama mzima mwenye leso kichwani akazunguka nyuma, akaweka mkono kwenye blanketi upande wa miguu, akafumba macho, akaanza kuomba.

Mguu ukasogea.

"Nani ananishika?" likauliza blanketi.

Sitawaeleza zile mbio. Kuna aliyeingia kwenye kinu, kuna aliyeruka ua wa kanisa, na mwenye leso alikaa chini palepale barabarani. Mzee Situma akainuka na kishada chake, akatazama akina mama, akatazama wanaume walioshika kofia mikononi. Akashuka. Akazunguka mbele ya gari akayaona matawi.

Nilikuwa nimeegemea usukani nikicheka mpaka machozi. Ndipo nikaona yeye hacheki.

Kwetu, gari lenye matawi mabichi mbele limebeba maiti. Najua. Nimefuata magari kama hayo mara ngapi, na la mume wangu nililifunga matawi mimi mwenyewe. Lakini ukishafanya biashara ya viazi miaka mingi, tawi kwako ni kitu cha kuweka chini ya gurudumu tu.

"Mama, umenibeba kama maiti," alisema.

"Mzee, ni ya matope."

"Mimi najua ni ya matope. Hawa wamama walijua? Wameniimbia. Wameniombea. Sasa nitaenda kusimama mbele ya kifo ya Barasa niseme nini, na mimi mwenyewe nimeshaagwa?"

Akakaa kwenye gogo nje ya kinu, akageukia upande mwingine. Niliomba msamaha kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kikuyu ingawa hakijui. Mwenye kinu akaleta chai. Yule mwenye leso akaja akijipangusa matope, akasema, "Baba, nisamehe, nilidhani umelala katika Bwana." Mzee akamjibu kwamba alikuwa kweli amelala. Hata hapo hakuna aliyethubutu kucheka.

Ndipo Wafula akashuka garini. Akaenda akachuchumaa mbele ya mzee. "Kuka," akamwita, ndivyo wao huita babu. "Mama amekataa kuingia kwa nyumba. Anakaa nje na hii mvua. Hakuna mtu anaweza mwambia kitu. Ndugu yangu mkubwa anasema ukikosa kuja ni sawa tu, atafunga matanga na maombi. Yeye atafunga. Lakini mama hataingia."

Mzee alikunywa chai yote mpaka majani. Nilihesabu moyoni ni nani nitamwambia kwanza kwamba nimeharibu kumuse ya Barasa kwa kamba na matawi, na sikumpata mtu ambaye ningeweza kumwangalia usoni.

Kisha akasimama. Akayafungua matawi kwa mkono wake, moja moja, akayatupa mbali.

"Maiti hubebwa," alisema. "Mimi nitavuka hii mlima kwa miguu. Hakuna tawi itaingia kwa hii gari tena, hata jani. Na wewe mama, usinipite."

Juu, nyuma ya mzee

Basi alitangulia. Mzigo begani, fimbo mkononi, kofia ya mtoto kichwani, na mimi nyuma yake kwa gia ndogo kabisa, nikitambaa.

Wakati wa kwenda niliogopa matope. Safari hii niliogopa zaidi kusimama, kwa sababu yeye hakusimama. Hakugeuka kutazama. Palipokuwa pabaya kuliko pote, kabla ya ule mgongo wa juu, gari lilizama mpaka kwenye ekseli na sikuwa na tawi hata moja. Nilipunguza upepo kwenye magurudumu, tukayafunga cheni, na Wafula akabeba mawe kifuani, shati la kanisani na yote, akiyapanga moja moja. Alianguka mara mbili. Hakulalamika. Nilimwona kwa kioo akisukuma, uso umekunjamana, nikajisemea kwamba Barasa alizaa mtu. Gari lilinguruma, likateleza kando kuelekea genge, nikaliacha liteleze kidogo kama nilivyofundishwa, likashika mwamba, likatoka.

Tulipomfikia tena, mzee alikuwa kwenye kilele. Mawingu yalikuwa yanapita chini ya miguu yake. Alikuwa anatembea kwa namna nyingine sasa, hatua ndefu, haraka, mgongo umenyooka, fimbo ikienda mbele yake, wala hakuonekana tena kuwa mfupi. Kondoo wakampisha, na mchungaji wao akasimama kumtazama mpaka tukapita sote. Nimepita mlima huu nikiwaza gunia na bei yake. Siku hiyo niliupita kwa mwendo wa miguu ya mzee, nikaona kila jiwe na kila ua dogo la njano, na nililia, msiniulize kwa nini. Ulikuwa mzuri, na yeye alikuwa mzuri ndani yake.

Msitu ulipoanza upande wa kwetu alisimama, akanisubiri. Akafungua mlango wa mpira.

"Nitakaa mbele," akasema. "Wanione."

Kapcherop hadi Tongaren

Na walimwona. Alitoa mkono dirishani Kapcherop, hakuurudisha ndani tena. Alisalimia watu, alisalimia ng'ombe, alisalimia polisi wa kizuizi mpaka wakatufungulia bila kutuuliza lolote. Hapa Kachibora alitaka soda, akanywa akiwa amesimama katikati ya soko, akimwambia kila anayepita, "Mimi ni Situma, niko mzima." Hapo ndipo uvumi wenu ulipozaliwa.

Jua lilikuwa linashuka tulipoingia Tongaren. Mama Nafula alikuwa palepale kwenye mkeka, kanga imelowa mabegani. Mzee alimwamkia, akaenda kupewa mahali pa kulala. Nilimkimbilia mlangoni.

"Mzee, kesho utasema?"

"Kesho nitaamka," akanijibu, "halafu tutajua."

Jumamosi asubuhi

Wanaume walikaa upande wao, nasi wanawake upande wetu, na uwanja ukaachwa mtupu katikati. Tuliambiwa hakuna kupita mbele, hakuna kusimama simama. Nilikaa karibu na Mama Nafula, bega kwa bega. Mwanawe mkubwa alisimama nyuma kabisa, amekunja mikono. Tulingoja. Mahali pa mzee palikuwa patupu.

Kisha akatokea amevaa ngozi, na sikumtambua mpaka alipoanza kutembea. Zilikuwa zile hatua za kule juu.

Kibukusu changu ni cha soko. Sikushika hata nusu. Nilisikia majina ya watu na ya mito, nilisikia vilima walikotoka wazee wao, nilisikia njaa na vita na amani. Alikwenda na kurudi, hakujikwaa, hakutafuta neno. Nilisikia jina la Barasa likiwekwa mahali pake katikati ya majina hayo yote. Nilisikia pia, na hili nililielewa, akisema kwamba mtu ajue kuishi na jirani wa kabila lingine. Hakunitazama. Nilipogeuka, yule mwana mkubwa alikuwa amekaa chini, kwenye majani, na suti yake.

Alipomaliza hakuaga mtu. Ndivyo ilivyo kwao. Nilikuwa nimeshashika ufunguo nimpeleke nyumbani kwake, Wafula akanishika mkono akatikisa kichwa. Mzee alipita kando ya Landrova kama haijui, akashika njia katikati ya mahindi kwa miguu yake, na watu wakaanza kuinuka mmoja mmoja wakaenda zao, kimya.

Mama Nafula alimtazama mpaka mahindi yakamfunika. Kisha akajishika magoti, akasimama, akaukunja ule mkeka.

"Sasa ndio Baba Nafula amekufa," akasema, akaingia ndani ya nyumba. Tulimsikia akisogeza sufuria. "Hebu mtu aniletee kuni. Mama Shiru hajakula."